Triathloni na Ajira: Siku 21 za Likizo Zinavyopanga Mwaka Wangu

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Kwa anayeshindana triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, kama mchezaji wa kulipwa huku bado ana bosi, hiyo ndiyo kalenda ya mashindano. Kocha, baiskeli ya kaboni na saa ya kupima mapigo ya moyo vitafuata. Mimi nimeajiriwa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, na mwaka ukianza tu naandika mashindano makubwa kwenye fomu ya likizo kabla sijalipia hata moja. Mawili kwa mwaka yanatosha. Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, ambako mashindano ya Ironman 70.3 ya Rwanda, yaani nusu ya triathloni ndefu ya Ironman, yalianza mwaka 2022, Mkenya anaingia kwa kitambulisho tu. Kinachokula likizo ni siku za safari, na siku moja nzima ya kurudi ukiwa huwezi kushuka ngazi.

Vijana wananiuliza leseni ya kulipwa inapatikanaje. Ningependa waulize kwanza itawaondolea nini. Ukishaichukua hushindani tena na rika lako. Unapangwa na watu wanaolala mchana kwa sababu hiyo ndiyo kazi yao. Si kila shindano lina kundi la wachezaji wa kulipwa, kwa hiyo huenda ukasafiri mbali kuliko ulipokuwa wa ridhaa, na fedha za zawadi huishia kwa wachache wa juu. Chrissie Wellington wa Uingereza alikuwa mtumishi wa serikali aliposhinda ubingwa wa dunia wa ridhaa huko Lausanne mwaka 2006. Mwaka uliofuata akaacha kazi, akaanza kushindana kwa malipo, na Oktoba akashinda Kona, ubingwa wa dunia wa Ironman huko Hawaii. Watu husimulia Kona. Mimi huwarudisha Lausanne: alijipima akiwa bado ana mshahara. Mdhamini anayekupa viatu halipi kodi ya nyumba wala karo, na akikuacha hakupi notisi.

Sasa bahari, maana hapa mwajiriwa wa pwani ana bahati ambayo wa bara hana. Bamvua, maji ya mwezi mpevu na ya mwezi mwandamo, hujaa Mombasa karibu saa kumi alfajiri na tena karibu saa kumi jioni, kisha kila siku husogea mbele kama dakika 50. Yaani saa ambazo maji yametoka kabisa, watu wanatembea kwa miguu kuelekea mwambani, ni zile za saa nne na saa tano asubuhi, na wewe uko ofisini ukibishana na karatasi za forodha. Ukitoka kazini saa kumi na moja unakuta maji bado yapo. Maji mafu, yale ya nusu mwezi, nayo hayapwi sana, kwa hiyo hata ukifika yametoka, hukosi mahali pa kuogelea. Chukua jedwali la kujaa na kupwa, liweke kando ya ratiba ya kazi, na mazoezi ya majini ya mwezi mzima utayapanga kwa kikao kimoja. Kasi naiweka jioni za bamvua. Umbali wa taratibu nauweka siku za maji mafu.

Ogelea sambamba na ufuo, ndani ya mwamba. Maji ya bamvua yakianza kutoka, kaa mbali na mlango wa mwamba, kwa sababu mkondo wa hapo haujali una leseni ya nani. Funga boya la rangi kali kiunoni, mashua zikuone.

Kuogelea huku kuna faida nyingine. Kanuni za Ironman zinamkataza mchezaji wa kulipwa kuvaa nguo ya mpira maji yakizidi nyuzi 21.9 za Selsiasi, ilhali wa ridhaa wanaruhusiwa hadi 24.5. Nguo ile humwinua mtu miguu na kumsitiri mwogeleaji dhaifu. Maji yetu hayafiki baridi hiyo mwaka mzima, kwa hiyo aliyejifunzia Nyali au Bamburi hana cha kuvuliwa.

Baiskeli ndiyo inayokula saa, na nusu Ironman inakudai kilomita 90 kabla hujakimbia 21. Siku za kazi sishindani na malori na matatu. Naifunga baiskeli kwenye stendi sebuleni, feni usoni, taulo chini, saa moja ya kazi nzito. Barabara ya Malindi ni ya Jumapili, kunapopambazuka tu, hadi Kilifi na kurudi, kama kilomita 120. Msimu wa kusi upepo unakusukuma kwenda, na kila dakika uliyopewa unaidaiwa kurudi. Beba chakula cha kurudi, si cha kwenda. Kwa safari ndefu mwili unaweza kutumia gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa ukiuzoesha, na chupa ya maji yenye sukari, chumvi kidogo na ndimu inafanya sehemu kubwa ya kazi ya vile vipakiti vya bei mbaya. Tende pia, ila toa kokwa nyumbani.

Kukimbia ni rahisi kukupatia nafasi: natoka mjini kwa miguu hadi ng'ambo ya Daraja la Nyali, na jioni zenye foleni nafika kabla ya wenzangu walio kwenye matatu. Nguo za kazi zinabaki ofisini.

Kitu ninachokilinda kuliko vyote ni usingizi. Meli ikichelewa na nikatoka bandarini usiku, zoezi la alfajiri nalifuta, wala silipi deni lake kesho yake. Kwa wiki mazoezi matatu tu ndiyo hayaguswi, moja la kila mchezo. Mengine yanakwenda na hali.

Ramadhani ina hesabu yake, na sijengi kasi mwezi ule. Nakimbia taratibu dakika za mwisho kabla ya magharibi, nikimaliza nikute tende na maji, au naendesha stendi kidogo baada ya tarawehe. Daku ni uji, mayai, ndizi na maji mengi. Shindano kubwa la kwanza naliweka angalau wiki sita baada ya Idi, na kwa wiki mbili za mwanzo hakuna zoezi la kasi hata kocha akipiga simu.