Kumtafuta babu wa mkeo aliyejitolea vitani Texas mwaka 1836

Ndugu yangu, nimekuelewa: familia ya mkeo husimulia kwamba babu yao alitoka Tennessee kujitolea katika mapinduzi ya Texas dhidi ya Mexico, kisha akapewa ardhi mpakani, nawe unataka uhakika kabla ya kuwaandikia watoto habari hiyo.

Anza na Ofisi Kuu ya Ardhi ya Texas, mjini Austin, inayotunza majalada ya askari hao. Jamhuri mpya ya Texas, iliyojitenga na Mexico, ilitoa ekari 320 kwa kila miezi mitatu ya utumishi, hadi 1,280, na ekari 640 kwa waliopigana San Jacinto, pigano la ushindi wa mapinduzi hayo, tarehe 21 Aprili 1836. Hata hivyo, hati ya kustahili ardhi haithibitishi kwamba mwenyewe aliishi hapo, kwani wengi waliziuza kwa walanguzi. Mimi na shemeji yangu tulifurahia hati moja wiki nzima, hadi tulipotazama mgongo wake tukakuta sahihi ya mauzo. Kwa hiyo soma pia maelezo ya mpimaji, yanayotaja miti iliyochongwa alama na umbali kwa vara, kipimo cha karibu sentimita 85, kisha uyalinganishe na orodha za kodi za kaunti. Majina yalifanana mno. Usimkubali mtu kwa jina peke yake.

Akitokea anayetaka ada ili awarudishie ardhi hiyo, msimlipe chochote kabla ya kumwona wakili. Mwandae mkeo pia: orodha hizo za kodi huwahesabu watumwa pamoja na farasi na ng'ombe.