Jirani anastahili kuambiwa lini?

Swali lenu la wiki hii linauliza kama nchi ina haki ya kumzuia jirani yake kujenga kiwanda kando ya mto wa mpakani, ikiwa kiwanda hicho kitaleta ajira na mtaji wa kigeni. Jibu langu ni hapana. Baba yangu aliachishwa kazi kiwanda chao kilipofungwa, akakaa miaka miwili bila mshahara, na tangu hapo sijaweza kumsikiliza kwa utulivu mtu anayezungumzia ajira za wengine kana kwamba ni jambo dogo. Hata hivyo, kuna swali jingine ambalo naona linatangulia hilo: jirani anastahili kuambiwa lini?

Lilinipata darasani, nilipokuwa nikisoma sheria, siku tulipoigiza kesi ya Argentina na Uruguay. Mwaka 2003, na tena mwaka 2005, Uruguay ilitoa vibali vya mazingira kwa kampuni mbili, ENCE ya Hispania na Botnia ya Ufini, zijenge karibu na mji wa Fray Bentos viwanda vya kupika mbao za mikaratusi ziwe rojo la kutengenezea karatasi. Kiwanda cha Botnia peke yake kiligharimu zaidi ya dola bilioni 1 za Marekani, katika mji ambao kiwanda chake maarufu cha nyama kilikuwa kimefungwa tangu mwaka 1979. Ng'ambo ya Mto Uruguay, watu wa Gualeguaychú nchini Argentina walihofia harufu na maji machafu, wakafunga barabara ya kuelekea darajani. Kizuizi walichokiweka Novemba 2006 kilidumu hadi Juni 2010.

Nilipangiwa kuitetea Uruguay, nikafurahi. Niliandaa kurasa kumi na mbili kuhusu ajira, nikazisoma kwa sauti iliyojaa hasira ya nyumbani kwetu. Mwenzangu aliyeitetea Argentina alikuja na karatasi moja tu, tena iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua taratibu, akauliza: «Kibali cha Botnia kilitolewa tarehe 14 Februari 2005. Kamisheni ya pamoja ya mto iliarifiwa kabla ya hapo?» Nikamjibu kwa habari ya ajira. Akauliza tena, kwa maneno yale yale. Nikasema kwamba mawaziri walikutana, kwamba mazungumzo yalifanyika. «Yalifanyika lini?» Baadaye, nikasema. «Baada ya nini?» Mwalimu wetu, aliyekaa mahali pa jaji, hakuniokoa, aliandika tarehe ile ubaoni, akaacha nafasi tupu mbele yake, akanisubiri. Nakumbuka nikifunua kurasa zangu zote kumi na mbili, nikijua kwamba hakuna hata moja yenye tarehe niliyohitaji, na nakumbuka vumbi la chaki kwenye mkono wa koti lake. Mwishowe nilisema: «Baada ya kibali.» Nikakaa chini.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu yake ya tarehe 20 Aprili 2010, iliijaza nafasi ile ile tupu. Kwa kura 13 dhidi ya 1 ilisema kwamba Uruguay ilivunja wajibu wa kuarifu na kujadiliana uliowekwa na mkataba wa mto ambao nchi hizo mbili zilitia saini mwaka 1975. Kwa kura 11 dhidi ya 3 ikasema kwamba haikuthibitika kuwa mto umechafuliwa kinyume cha mkataba. Kiwanda cha Botnia kilikuwa kimeshaanza kazi tangu Novemba 2007, na kikaendelea. Fidia ya Argentina ilikuwa tamko tu kwamba imekosewa.

Kwa miaka mingi niliiona hukumu hiyo kuwa ya haki kabisa. Leo, ninapoandika, sina uhakika huo. Majaji wawili, Al-Khasawneh na Simma, walilalamika kwamba mahakama haikuteua wataalamu wake yenyewe, ilhali wanasayansi wa pande zote mbili walisimama mbele yake kama mawakili badala ya kuhojiwa kama mashahidi. Na kama adhabu ya kutomwarifu jirani ni tamko tu, ni serikali gani yenye mwekezaji mlangoni itakayojisumbua kuarifu?

Kwa hiyo najikuta nikisema jambo ambalo sikukusudia kulisema nilipoanza: ningesimamisha ujenzi hadi mazungumzo yaishe. Ndiyo, huko ni kumzuia jirani, japo kwa muda. Lakini muda huo uwe na ukomo, kama zile siku 180 za majadiliano zilizomo katika mkataba wa 1975, na ukomo ukifika bila mapatano, mwenye kiwanda ajenge na mwenye malalamiko aende mahakamani. Wala simaanishi kwamba kufunga daraja kulikuwa halali. Jopo la usuluhishi la Mercosur, jumuiya ya kibiashara ya nchi za Amerika Kusini, lilikwisha kusema mwaka 2006 kwamba Argentina ilikosea kwa kuacha njia zifungwe. Siku 180 ni nyingi kwa mtu anayesubiri ajira, nalijua hilo kutoka mezani kwetu, lakini bado ningemwomba asubiri.

Baada ya hukumu, mwaka 2010 huo huo, nchi hizo mbili zilikubaliana kuunda kamati ya wanasayansi, wawili kutoka kila upande, ya kupima pamoja maji ya mto na yale yanayotoka kiwandani. Hakuna kilichozuia kamati ya namna hiyo kuundwa mwaka 2003, kabla ya kibali cha kwanza kutiwa saini.