Muulize Fundi: Hodhi la bati, chumvi, na mashine aliyoleta kaka

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Sahare hapa Tanga, mama wa watoto watatu, mdogo wao ana miaka mitatu. Kaka yangu anaishi Texas, Marekani. Anasema huko watu hununua mahodhi ya bati ya kunyweshea ng'ombe, wakayaweka uani na kuyafanya mabwawa ya kuogelea. Alipokuja likizo aliniletea mashine inayotengeneza klorini kwa chumvi, pamoja na pampu yake. Nami nikaenda Ngamiani kwa fundi bati, akanitengenezea hodhi la duara, upana mita 2.4, kimo sentimita 60. Sasa naomba kujua: nitie chumvi kiasi gani? Bahari iko karibu, siwezi kuteka maji huko nikaokoa hela? Na ni kweli bwawa la chumvi halina klorini? Maana mtoto wa pili ana ngozi inayowasha upesi. Kwenye mashine imeandikwa 120 V, 60 Hz, 7 g/h.
Mama Watatu, Sahare

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili jicho limenasa kwenye mstari wa mwisho, ule ulioutia kama nyongeza. Usiichomeke hiyo mashine ukutani! Umeme wa kwao ni volti 120, wetu ni 230. Utasikia "paf", utanusa harufu ya plastiki iliyoungua, na zawadi ya kaka itakuwa imekwisha. Mashine yenyewe inaweza kufanya kazi kwa transfoma ya kushusha umeme. Pampu ni habari nyingine. Mota yake imetengenezewa mizunguko 60 kwa sekunde na hapa tunayo 50, kwa hiyo hata ukiishushia volti itazunguka polepole na kupata joto. Iweke kabatini, ununue hapa nchini pampu ndogo ya volti 230 yenye chujio. Kwa hodhi lako, inayosukuma lita 1,000 hivi kwa saa inatosha kabisa.

Na kazi ya waya mpe fundi umeme mwenye leseni. Mwambie unataka swichi inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampi 30, na waya wa ardhini uliopimwa. Transfoma ikae ndani ya nyumba. Maji, chumvi, watoto na waya uliofungwa kwa solotepu ni vitu visivyopaswa kukutana.

Sasa tuje kwenye bati, na hapa naomba unisamehe, maana najua fundi umeshamlipa.

Mimi nilitunza bwawa la hoteli kwa miaka 19 kabla ya kufungua duka langu la vifaa vya bomba. Hoteli ilipobadilisha mitambo nikapewa mashine kuukuu ya chumvi, nikaona nimepata. Nikatengenezewa hodhi la bati kama lako, wajukuu wakaoga, jirani wakaja kutazama. Mwezi wa pili nikaona unga mweupe kwenye maungio. Nikausugua, nikasema ni chokaa. Mwezi wa nne unga ukawa wa kahawia, na asubuhi moja mke wangu akaniita nje: uwani kote kumelowa, hodhi limebaki na maji ya kufikia kifundo cha mguu. Ule weupe ulikuwa zinki inaliwa. Bati huchovywa kwenye zinki ili zinki iliwe badala ya chuma, na ikiisha kazi inaingia chuma chenyewe. Chumvi na klorini huiharakisha mno, hasa kwenye ribiti, vile vipini vya kuunganishia bati, na mahali palipochomelewa. Hapa Tanga upepo wa bahari peke yake unatosha kula paa la nyumba. Wewe unataka kuileta bahari ndani ya hodhi!

Walioko Texas hukumbana na balaa hilohilo. Wenye busara hupaka rangi maalumu ya mabwawa kwa ndani, au wanachagua hodhi la plastiki tangu mwanzo. Kwa vile lako limeshatengenezwa, usilitupe. Nenda kwa mafundi wanaoshona mabwawa ya samaki ya turubai, wakupimie turubai zito la duara litakalokaa ndani ya hodhi kama foronya ndani ya kapu na kukunjwa juu ya ukingo. Bati libaki kuta, maji yasiliguse. Matundu ya pampu usitoboe ubavuni. Pitisha mipira ya kuvuta na kurudisha maji juu ya ukingo, na viungio vyote viwe vya plastiki. Kabla ya kutandika, pitisha kiganja bati zima kutafuta ncha za ribiti, uzifute kwa tupa. Ncha moja tu na turubai limekwisha.

Chumvi sasa. Nusu ya upana wako ni mita 1.2. Zidisha 1.2 kwa 1.2 kwa 3.14, upate 4.52. Maji usiyajaze hadi ukingoni, yaishie sentimita 50, kwa hiyo zidisha kwa 0.5: ni mita za ujazo 2.26, yaani lita 2,260. Mashine nyingi za aina hii hutaka gramu 3 hadi 3.5 za chumvi kwa lita, lakini soma kijitabu cha yako. Kwa gramu 3 ni kilo 6.8. Anza na kilo 6, zungusha maji kwa pampu siku nzima mashine ikiwa imezimwa, kisha pima na uongeze kidogo kidogo. Kuongeza ni rahisi. Kupunguza ni kumwaga maji uliyoyalipia. Mimi mara ya kwanza nilimimina kiroba kizima cha kilo 50 kwa kukisia, mashine ikawasha taa nyekundu na kugoma. Na gramu 3 ni kidogo kuliko unavyodhani. Ukionja, ni kama mchuzi ambao mpishi amesahau chumvi akakumbuka mwishoni, akatia ya aibu.

Hapo ndipo swali lako la bahari linapoingia, na nakusifu kwa kuuliza. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita. Kwa hesabu, ndoo kumi za lita 20 kutoka baharini, zilizobaki maji ya bomba, zinakupa chumvi inayotakiwa bila kulipa senti. Hesabu inakubali, mashine haikubali. Bahari haina chumvi ya kula peke yake, ina magnesi na kalisi nyingi, na umeme unapopita kati ya vile vibao vya titani ndani ya mashine, madini hayo huganda juu yake kama ukoko mweupe wa birika. Vibao vikishagandwa, klorini haitoki. Na hapo sijataja tope, mwani na vijidudu vya ufukweni. Nunua chumvi safi. Ukipata ile ya mawe kutoka mashamba ya chumvi, iyeyushe kwanza kwenye ndoo, acha mchanga utuame, uchuje kwa kitambaa cheupe. Usiimwage kavu hodhini ikalala chini.

Kosa moja nalikuta karibu kila nyumba. Maji yakipungua kwa jua, watu wanaongeza maji na chumvi. Jua halichukui chumvi! Linachukua maji matupu na kuiacha chumvi palepale. Yakipungua kwa jua ongeza maji ya bomba peke yake. Chumvi hupotea watoto wakiruka na kumwaga, au masika yanapolijaza hodhi hadi likafurika. Baada ya mvua kubwa, pima upya.

Kuhusu klorini, aliyekuambia hivyo amekuchanganya kidogo. Bwawa la chumvi ni bwawa la klorini. Umeme huichukua chumvi iliyoyeyuka ukatoa klorini, klorini inaua vijidudu, halafu inarudi kuwa chumvi na mzunguko unaendelea. Tofauti ni kwamba inatoka kidogo kidogo badala ya kumwagwa kijiko kizima, ndiyo maana ngozi na macho husikia nafuu. Ile harufu kali watu wanayoiita "klorini nyingi" mara nyingi ni klorini iliyokutana na jasho na mkojo. Basi waoge kabla ya kuingia, na huyo mwenye ngozi nyepesi umsuuze kwa maji ya kawaida akitoka. Akizidi kuwashwa, mpeleke kwa daktari.

Na tazama: gramu 7 kwa saa ndani ya lita 2,260 ni miligramu 3 kwa lita, yaani kiasi cha kutosha kwa saa moja tu. Mashine ya kaka ilitengenezewa bwawa kubwa kuliko lako. Ukiiacha usiku kucha utapausha nguo za kuogea za familia nzima. Iwashe kwa muda wa saa moja tu, jioni jua likishazama, asubuhi pima kwa vijiti vya rangi. Unataka kati ya miligramu 1 na 3, na ukitumia dawa ya kukinga klorini na jua isishuke chini ya 2. Dawa hiyo, asidi ya sianuriki, kwako ni gramu 70 hivi, unaitia mara moja, kwa sababu haiishi kwa jua. Bila hiyo, jua letu la saa sita linakula klorini kabla hujamaliza kuosha vyombo. Pima na ukali wa maji pia, yaani pH, ikae kati ya 7.2 na 7.8. Mashine hizi huipandisha, kwa hiyo utahitaji asidi ya mabwawa kidogo mara kwa mara. Mimina asidi kwenye ndoo yenye maji, usimimine maji kwenye asidi.

Hodhi likijaa litakuwa na tani mbili na robo. Likae juu ya ardhi iliyoshindiliwa, yenye mchanga, iliyosawazishwa kwa mpira wa maji kama mafundi wanavyopima msingi. Na usiliweke juu ya karo la choo. Nimeshaona.

Huyo wa miaka mitatu ndiye anayenikosesha usingizi. Sentimita 50 za maji zinamtosha kuzama, kimyakimya, bila kupiga kelele. Jenga uzio wenye mlango unaofungwa kwa juu, ngazi iondolewe kila mnapomaliza, na mtu mzima awepo, simu ikiwa mfukoni. Kama uzio hauko kwenye bajeti ya mwezi huu, basi hata maji yasubiri mwezi ujao.

SWALI: Salaam Fundi. Nina nyumba ndogo ya wageni Bagamoyo, tenki la plastiki la kuogea nimeshaweka. Kisima changu kina maji ya chumvichumvi. Niongeze chumvi ileile kilo kadhaa kama wengine?
Mzee wa Kaole

JIBU: Hapana, mzee mwenzangu. Pwani yetu visima vingi vina chumvi tayari, na lazima uitoe kwenye hesabu. Kama huna kipimo, chukua lita moja kamili ya maji ya kisima, yachemshe taratibu kwenye sufuria safi nyepesi uliyoipima uzito kwanza, mpaka yakauke kabisa. Kisha mpelekee sonara aipime sufuria tena, maana mizani ya duka la nyama haitaona tofauti. Ikizidi gramu 1.5, una nusu ya chumvi yako bure. Ni makadirio, kwa sababu ndani yake mna chokaa pia, na chokaa hiyo hiyo itaganda kwenye vibao. Ukikuta gramu 5 au 6, achana na kisima, au changanya na maji ya bomba. Siku ya kuyamwaga, usielekeze kwenye mchicha wala karibu na kisima cha jirani. Acha klorini iishe siku chache kwanza, kisha wape minazi, inavumilia.

SWALI: Fundi, mimi sina mashine wala kaka Marekani. Nina tenki la plastiki lita 1,000 lililokatwa, watoto wanachezea. Nifanyeje mbu wasizaliane? Na bata wangu nao wanalipenda.
Baba Mdogo, Makorora

JIBU: Kwa ukubwa huo hata ningekuwa na hela nisingenunua mashine. Unga wa klorini wa asilimia 65, gramu 3 kila jioni, yaani zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai, zinakupa miligramu 2 kwa lita. Koroga kwenye ndoo ya maji kwanza, ndipo umimine, na usiuweke kabati moja na asidi wala dawa nyingine. Pima kwa vijiti kabla watoto hawajaingia. Mbu wa dengue hutaga kwenye maji yaliyotulia, na Tanga tuliiona dengue mwaka 2019, kwa hiyo siku zisizo za kuoga funika kwa wavu au mwaga. Na kwa kuwa umelikata juu, lifunge ukingo kwa mpira mzito uliopasuliwa, maana plastiki iliyokatwa hukata.

Bata watafutie beseni lao. Kinyesi cha bata wawili kinamaliza klorini yote ya gramu 3 kabla ya chakula cha mchana.