"Ulinzi wa utapeli" au "kinga ya utapeli"?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa teknolojia ya habari, niko Morogoro. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho nimeupa jina "Matumizi ya blokucheni na ujifunzaji wa mashine katika ulinzi wa utapeli wa mawasiliano". Msimamizi wangu amezungushia "ulinzi wa utapeli" duara jekundu bila kueleza chochote. Mwenzangu ananishauri niweke "dhidi ya" kila mahali, mambo yaishe. Na ndani ya ripoti nimeandika: "mfumo unawalinda wateja na matapeli". Hapo nako nimekosea?

JIBU: Msimamizi wako ana haki, ila angekufaa zaidi kama angeandika hata mstari mmoja pembeni. Ulichoandika, kikisomwa kama kilivyo, ni mradi wa kuulinda utapeli usije ukapata madhara.

Kitenzi linda hukitazama kinacholindwa. Unalinda shamba, unalinda mtoto, unalinda heshima yako. Mlinzi wa benki yupo kwa ajili ya benki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na jina hilo halimkwazi mtu, kwa kuwa kinacholindwa ni taarifa. Ukiutwaa muundo huohuo ukaweka utapeli mahali pa taarifa, utapeli nao unapata walinzi.

Kinga kina tabia nyingine. Hiki chaweza kumgeukia adui moja kwa moja: mtu hukinga jua kwa kanga, hukinga ngumi kwa mkono. (Wenye shida ya maji hukinga mvua kwa ndoo, na hapo mvua si adui hata kidogo, lakini kitendo ni kilekile cha kuweka kitu mbele ya kinachokuja.) Ndiyo maana nomino yake nayo hulibeba jina la adui bila taabu. Tunasema kinga ya malaria, kinga ya pepopunda. Basi na kinga ya utapeli ni Kiswahili safi.

Utaniuliza: mbona tunasema pia "kinga ya mwili", na mwili si adui? Kweli, na hiyo ndiyo hali ya a-unganifu, yaani ile "ya", "wa" au "cha" inayokaa kati ya nomino mbili. Inaunganisha tu, haisemi uhusiano ni upi. Dawa ya mbu huua mbu. Dawa ya meno ikifanya hivyo kwa meno, tutaonana mahakamani. Msikilizaji hutegemea maana ya nomino inayotangulia na anachokijua kuhusu dunia. Dawa na kinga zinakubali pande zote mbili. Ulinzi haukubali: upande wake ni mmoja, wa anayelindwa.

Sasa tuje kwa mwenzako na "dhidi ya" zake. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, nalo kwao ni la upinzani, na bado linapendeza zaidi penye pande mbili zinazokabiliana: Simba dhidi ya Yanga, Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Katika maonyo na maelezo ya kitaalamu limeenea kiasi kwamba wengi wanadhani bila hilo sentensi haijavaa suti. Lakini Kiswahili kina "na" ya kuepushia, ya siku nyingi na yenye heshima zake. Jikinge na baridi. Jihadhari na mbwa. Mungu atuepushe na balaa. Mwislamu husema "najikinga kwa Mwenyezi Mungu na shetani aliyelaaniwa", na Mkristo husali "utuokoe na yule mwovu". Kama "na" inamtosha shetani, tapeli wa simu ni nani? Ukitunga onyo la kutumwa kwa wateja, andika "Jikinge na matapeli" ukalale.

Hata hivyo, sentensi yako ya ndani ya ripoti imeingia kwenye shimo la "na" hiyohiyo. "Mfumo unawalinda wateja na matapeli" inaweza kumaanisha kwamba makundi yote mawili yanalindwa, kwa sababu "na" pia ni kiunganishi. Ukiigeuza iwe ya kutendwa, hali inazidi kuharibika: "wateja wanalindwa na matapeli". Hapa matapeli wamekuwa ndio walinzi, maana "na" hiyohiyo humtaja mtenda. Kwenye sentensi za namna hii "dhidi ya" inastahili mshahara wake: wateja wanalindwa dhidi ya matapeli. Kwa hiyo mimi sikukatazi kuitumia. Penye kitenzi cha kujirejea, kama jikinge, jilinde, jiepushe, "na" inatosha. Penye yambwa iliyotajwa kwa jina, yaani mtendwa kama "wateja" wako, au penye kauli ya kutendwa, chukua "dhidi ya".

Kuna jambo jingine ambalo hukuuliza, nalo ndilo lililonishughulisha zaidi. Teknolojia zako mbili umezipa kitenzi kimoja, wakati kazi zake hazifanani.

Mashine inayojifunza hulishwa jumbe nyingi zilizokwisha kutiwa alama kuwa hizi ni za kweli na hizi za kitapeli, ikaokota dalili. Chukua ujumbe ambao sidhani kama kuna mwenye simu Tanzania hajawahi kuukuta: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hauna salamu, hauna jina la aliyeutuma. Kazi yote inafanywa na "ile". Kikitangulia nomino namna hii, kionyeshi hicho hudai kwamba wewe na mimi tunaijua hela hiyo, tulishaizungumza. Aliyekuwa kweli njiani kumtumia mtu ada au kodi ya nyumba hujaza mwenyewe pengo. Mashine yaweza kujifunza kwamba "ile", "tuma" na namba ngeni vikikaa pamoja ni dalili mbaya. Lakini inachotoa ni kiwango cha shaka tu, kwa sababu shangazi yako naye anaweza kukuandikia maneno hayohayo kwa nia njema. Vitenzi vyake ni kutambua, kushuku na kuchuja.

Blokucheni haisomi ujumbe ikaujua uwongo. Yenyewe hutunza kumbukumbu ambazo mtu hawezi kuzibadilisha kimyakimya bila wenzake wanaotunza nakala kugundua. Faida yake hapa ni kujua nani kasajiliwa kutuma nini. Mamlaka ya mawasiliano ya India, TRAI, ilitoa kanuni mwaka 2018 zinazotaka majina ya watumaji wa jumbe za biashara na violezo vya jumbe zenyewe visajiliwe kwenye daftari la aina hiyo. Machi 2021 uchujaji ulipoanza kwa ukali, jumbe halali zikakwama, zikiwamo za namba za siri za muda ambazo benki huwatumia wateja, na utekelezaji ukasimamishwa kwa siku saba. Sasa kwa daftari la namna hiyo, kusajili na kuthibitisha ndivyo vitenzi vyake. Ukiandika kwamba "linazuia utapeli" umeliongezea cheo.

Kuhusu neno lenyewe, wapo wanaopendelea "mnyororo wa vitalu". Mimi nikisikia kitalu naona miche, au wawindaji, kwa hiyo baki na blokucheni yako. "Utapeli wa mawasiliano" nao ni mpana mno. Kama unachunguza jumbe fupi za simu, zitaje.

Ningekuwa wewe ningeandika: "Matumizi ya blokucheni na ujifunzaji wa mashine katika kuthibitisha watumaji na kutambua utapeli wa jumbe fupi". Neno "ulinzi" lihamishie kwenye sura inayoeleza utakavyozihifadhi jumbe za watu utakazokusanya kuifunzia mashine, maana hizo ndizo zinazohitaji kulindwa.