Usilisugue Tanki Hilo

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza utalichomelea vipi tanki la metali ya titani, lile la roketi lililoanguka, kwenye nguzo ya chuma ya sanamu yako. Usilichomelee. Titani na chuma vikiyeyushwa pamoja hutoa mshono unaovunjika kama kigae. Ukipoa tu, unapasuka. Likamate kwa mikanda miwili ya chuma kisichoshika kutu, yenye bolti, na katikati uweke utepe wa mpira wenye unene wa milimita 3. Siku ya kulitoa, litoke bila kovu. Kwanza lakini lipimwe na wataalamu wa kemikali, maana haidrazini, yaani mafuta ya roketi, ikibaki ndani ni sumu kali.

Mimi nataka kujua jingine: umelisafisha? Nakusihi, lisiguswe na msasa wala brashi ya waya. Masizi ndiyo maandishi yake. Wimbo wangu huo unaujua tangu karakana ya babu yako. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, titani 1,668, ndiyo maana tanki hufika chini na mwili wa roketi umeshateketea. Ukilisugua likang'aa, safari yote hiyo umeifuta.

Kumbuka Skylab, kituo cha anga cha Marekani. Hadi leo nikiifikiria moyo hunichangamka. Julai 1979 ilisambaratika, vipande vikatua Australia Magharibi, na halmashauri ya mji wa Esperance huko ikaitoza NASA, shirika la anga la Marekani, faini ya dola 400 kwa kutupa taka. Faini ililipwa mwaka 2009, tena kwa michango ya wasikilizaji wa redio ya Marekani. Na vipande vyenyewe? Vimo kwenye makumbusho ya mji uleule uliodai faini!

Basi mabaki yote ya angani ni urithi? Hapo najipinga mwenyewe. Satelaiti ya Marekani, Vanguard 1, inazunguka dunia tangu 1958, kilo moja na nusu tu, kimya tangu 1964, ikishushwa nitaumia. Lakini skrubu iliyolegea huko juu nayo hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, na yaweza kutoboa chombo chenye watu. Tukikienzi kila kipande, nani atafagia?

Tena, kwa mkataba wa kimataifa wa anga za juu wa 1967, kilichorushwa hubaki mali ya mwenyewe hata kikianguka. Pata ruhusa ya maandishi kabla ya kukata chochote.

Kibao chini ya sanamu kiandikwe taka au urithi? Neno ninalo, nimeliandika hapa mara mbili na kulifuta. Sanamu ni yako. Nitumie picha ya upande ulioungua, na rula pembeni.

Mama yako