Kisa cha "Kaa Nami" na Mchungaji Lyte: usichapishe kabla ya kumpata msimuliaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, usipeleke kijitabu hicho kwa mpiga chapa. Umeuliza mambo manne kuhusu Mchungaji Henry Francis Lyte, mtunzi wa wimbo wa kanisani "Kaa Nami", kwa ajili ya jubilei ya kwaya yenu: maisha yake Ireland, kazi yake ya uchungaji, nyimbo zake nyingine, na namna ya kupanga kurasa. Mimi nimekwama kwenye ile aya uliyoibandika kama mfano, isemayo kwamba jioni ya siku ya mahubiri yake ya mwisho alitembea ufukweni, akatazama jua likizama, akajifungia chumbani, akatoka baada ya saa moja na wimbo mzima pamoja na tuni tunayoiimba leo, na usiku uleule akafariki. Aya hiyo naijua vizuri, kwa sababu niliichapisha mimi, karibu neno kwa neno, katika vijitabu 300.

Siyo tu kwamba niliichapisha. Siku ya jubilei yetu niliisoma mbele ya usharika kwa sauti ya kutetemeka, na akina mama wawili wa mbele wakafuta machozi, nami nikajiona mwanahistoria. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa mpiga kinanda wetu zamani, alisubiri kwa adabu mpaka pilau ikaliwa, ndipo akaniita pembeni na kuniuliza maswali matatu: "Mwanangu, huyu mtu alifia wapi? Tuni hii ni ya nani? Na jioni hiyo, nani alimwona?"

Swali la kwanza lilinimaliza kabla sijaketi. Lyte alifariki tarehe 20 Novemba 1847 mjini Nice, ulio kusini mwa Ufaransa ya leo, miezi miwili na nusu baada ya mahubiri yale, akiwa safarini kukimbia baridi ya Uingereza kwa sababu ya mapafu yake mabovu, na huko ndiko alikozikwa. La pili lilikuwa baya zaidi, maana kwaya nzima ilicheka: tuni tunayoiimba, iitwayo Eventide, ni ya William Henry Monk, nayo ilitoka katika kitabu cha nyimbo cha Hymns Ancient and Modern mwaka 1861, wakati Lyte ana miaka 14 kaburini. (Tuni hiyo nayo husimuliwa kwamba ilitungwa jua likizama. Yaonekana jua la Uingereza lilikuwa na kazi nyingi karne ile.)

La tatu ndilo lililonifunza kazi. Nilipoanza kutafuta nani alimwona, nilirudi nyuma, kutoka mnukuzi hadi mnukuzi, mpaka nikafika kwa binti yake, Anna Maria Hogg, aliyeandika kumbukumbu za baba yake mwaka 1850 katika kitabu cha maandishi aliyoyaacha Lyte. Naye anasema nini? Anasema kwamba jioni ile baba yake alimkabidhi ndugu wa karibu wimbo huo, pamoja na tuni aliyoitunga mwenyewe. Alimkabidhi! Hasemi kwamba aliutunga jioni ile. Kati ya maneno hayo mawili ndimo zilimozama fedha zangu. Zaidi ya hayo, mwaka 1925 gazeti la The Spectator la London lilitoa simulizi nyingine kabisa, kwamba maneno "kaa nami" Lyte aliyasikia karibu mwaka 1820 kutoka kwa rafiki yake wa Ireland, le Hunte, aliyekuwa akiyarudia kitandani akikata roho. Wataalamu bado wanavutana. Na vile vitabu vinavyotaja kwa uhakika mkubwa mahubiri ya Jumapili tarehe 4 Septemba 1847 havikufungua hata kalenda, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Aliyenipa aya ile ni jamaa mmoja anayejiita mtafiti wa nyimbo za injili, ambaye husambaza visa vya namna hiyo kila Jumapili na kupokea "amina" mia mbili. Nilipomuuliza chanzo, alinijibu kwamba kisa kinajenga imani. Kilijenga deni. Mpiga chapa hakurudisha hata senti, na mimi na mke wangu tulikesha siku mbili tukibandika kwa gundi karatasi za masahihisho juu ya ukurasa wa 7, huku wanangu wakiniuliza kama Lyte ni ndugu yetu.

Kuhusu Ireland, katika uliyoyaandika futa "mzaliwa wa Dublin". Alizaliwa Ednam, Uskoti, mwaka 1793. Ireland ndiyo iliyomlea: baba alimtelekeza, mwalimu mkuu wa shule ya Portora, Enniskillen, Dkt. Robert Burrowes, akamchukua kama mwanawe. Akasoma Trinity College, Dublin, ambako alishinda tuzo ya ushairi mara tatu, kisha akahudumu Taghmon, Wexford, hukohuko Ireland. Sehemu kubwa ya uchungaji wake aliifanya Brixham, mji wa wavuvi kusini mwa Uingereza. Nyimbo nyingine anazo nyingi. Anza na zaburi alizozigeuza mashairi mwaka 1834. Na kila utakachoandika juu yake, weka pembeni jina la mtu wa kwanza aliyekisema na mwaka aliokisema. Ukikosa jina, sentensi haiingii, hata kama inaliza.

Ila nina ombi moja. Tazama ulikoitoa aya yako. Ikiwa ni kijitabu chenye jalada la bluu, na ukurasa wa 7 una alama ya gundi iliyokauka, basi karatasi yangu imebanduka, na chanzo chako ni mimi.