Nimetoka eda juzi, mafao ya marehemu nianzie wapi?

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa Columbus, Ohio, nina miaka 58. Mume wangu kafariki akiwa na 63, alikuwa dereva wa malori miaka mingi na alikuwa hajaanza kuchukua pensheni yake ya Social Security, ule mfuko wa pensheni wa serikali ya Marekani. Nimetoka eda juzi tu. Nafanya kazi nyumba ya wazee, na mtoto wetu wa mwisho ana miaka 16, yuko sekondari. Karatasi zinaonyesha marehemu angelipwa dola 2,400 kwa mwezi akifika 67, mi yangu ni 1,300. Wenzangu wananambia nitulie mpaka nifike 60 ndo niende ofisini, wengine wanasema nikichukua ya mume basi yangu imekufa. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu baba watoto. Hao wanaokwambia utulie mpaka 60 wanakusemea wewe tu, mtoto wamemsahau kabisa, na hapo ndo roho inaniuma manake nimeona wajane wengi wanapoteza hela ya mtoto hivihivi. Mtoto wa marehemu ana fungu lake, asilimia 75 ya pensheni ya baba, kwa hesabu zako ni dola 1,800 kila mwezi mpaka afike 18, au 19 kama bado yuko sekondari. Mshahara wako hauligusi hata kidogo. Na kitu cha haraka ni hiki, wanalipa ya nyuma miezi 6 tu, we umekaa eda miezi minne na siku kumi kwahiyo bado uko ndani ya muda, ila ukisubiri hiyo 60 yao kila mwezi unaopita 1,800 imeenda na hairudi. Nenda wiki hii. Ukiwa hapohapo uliza ile dola 255 ya msiba, inatolewa mara moja tu na lazima uiombe ndani ya miaka 2.

Sasa tuje kwako. Chukulia una vibubu viwili, cha marehemu na cha kwako. Huwezi kuvila vyote kwa wakati mmoja, unapata kile kikubwa, lakini unaruhusiwa kuanza na kimoja halafu baadae ukahamia kingine, na hapo ndo watu wengi hawaambiwi. Mwaka 2018 wakaguzi wa Social Security wenyewe walitoa ripoti kwamba kuna wajane hawakuelezwa wanaweza kuomba kimoja wakakiacha kingine kikue.

Ukivunja cha marehemu ukiwa na 60 unapewa asilimia 71.5, yani kama 1,716, na ukikiacha mpaka 67 unapata 2,400 yote. Baada ya hapo hakiongezeki tena, usikicheleweshe. Cha kwako ukikianza na 62 ni 910, ukisubiri mpaka 70 ni 1,612, bado hakifikii cha mumeo. Kwahiyo mi ningekuwa we ningekula cha kwangu kuanzia 62 nikaacha cha marehemu mpaka 67, halafu hiyo 2,400 ni ya maisha. Angekuwa mshahara wako ndo mkubwa kuliko wa mumeo ningekwambia kinyume chake. Na kama afya sio nzuri au kodi ya nyumba inakubana, chukua cha marehemu ukiwa na 60 wala usijilaumu.

Siku ukienda waambie wazi naomba cha kwangu peke yake, cha mjane sikiombi leo, na hakikisha wameandika hivyo kwenye fomu kabla hujasaini.

Angalia na kazi yako. Kabla ya 67 kuna kikomo cha kipato, mwaka 2025 kilikuwa dola 23,400, ukizidisha wanazuia dola 1 kwa kila dola 2 za ziada. Kwa mfano ukiingiza 41,400 kwa mwaka wanazuia 9,000, yani karibu hiyo 910 yote inaishia hapo, kwahiyo kama utaendelea na shifti zako zote usiwe na haraka hata ya 62.

Hujauliza lakini nitasema: akitokea mtu wa kukuoa, ngoja utimize 60 kwanza. Ukiolewa kabla ya hapo haki ya mjane inasimama kwa muda wote wa ndoa hiyo, ukiolewa baada ya 60 haiguswi.

Maombi haya ya mtoto na ya mjane hayajazwi mtandaoni, piga 1-800-772-1213 uombe miadi na useme unataka mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Beba cheti cha kifo, cheti cha ndoa na cha kuzaliwa cha mtoto. Kama ndoa mlifungia nyumbani kitoe hicho cheti ukisome leo herufi kwa herufi, manake vyeti vyetu vingi vina jina la mume na la baba yake tu wakati pasipoti ina majina matatu, na Mohamed wa huku ni Muhammad wa kule. Ukiona tofauti anza kushughulika na nyumbani sasahivi, ila miadi ya mtoto usiiahirishe kwa sababu hiyo.